Akiugua Figo Mmoja, Upimwe Ukoo

 Popote ulipo, Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mtoni kwa Azizi Ali, Keko, Buza au Chamazi, msikilizaji wangu, sikiliza mazungumzo haya ya afya. Yanauhusu ukoo mzima. Kama uko nyumbani, mwite mama, mwite mwenzio, mwite na yule kijana aliyejiinamia na simu yake barazani. Waje wasikilize pamoja nawe.

Nataka tuzungumze juu ya figo zinazougua ndani ya ukoo. Mnazijua nyumba za namna hii. Baba alifariki akiwa na miaka hamsini na kitu, miguu imevimba na presha imekataa kushuka. Miaka haikupita mingi, shangazi akafuata. Leo kaka mkubwa anapelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na ndugu wanachangishana kila mwezi. Msibani watu wananong'ona kwamba nyumba hii ina jambo. Huyu anasema ni mkono wa mtu, yule anasema ni mizimu ya kuumeni inadai haki yake. Fedha zinachangwa, safari ya kwa mganga inafungwa. Na siku hizo zote, wapo vijana wawili watatu wa ukoo huohuo ambao figo zao zimeshaanza kuharibika na wao hawana habari, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wakapime.

Neno langu la leo ni hili: mtu mmoja akiugua figo, hasa akiugua angali kijana, au daktari akikosa sababu ya wazi, wa kupimwa si yeye peke yake. Upimwe ukoo.

Nianze kwa kuweka mambo sawa, nisije nikamtia mtu hofu isiyo na msingi. Si kila ugonjwa wa figo ni wa kurithi. Hapa kwetu figo nyingi zinaharibiwa na presha na kisukari. Wengine wanaharibikiwa kwa virusi vya UKIMWI, kwa maambukizi, na kwa dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Lakini ukweli hauishii hapo. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa watu wazima 7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini walikuwa 15 katika kila 100, vijijini 2. Jambo la kutufikirisha zaidi ni kwamba karibu nusu ya wagonjwa hao hawakuwa na presha, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Sisemi kwamba nusu hiyo yote ni ya kurithi. Ninachosema ni kwamba tukishamuuliza mgonjwa kuhusu sukari na presha, maswali hayajaisha. Limebaki moja la bei nafuu kuliko yote: nani mwingine kwenu amewahi kuugua figo?

Sasa ugonjwa unarithiwaje? Wengi wetu tumelizoea neno vinasaba kwa sababu ya kesi za kutafuta baba wa mtoto. Vinasaba ni maelekezo yaliyomo katika takriban kila chembe hai ya mwili, yanayouambia mwili ujijenge vipi. Karibu kila kinasaba tumekipokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Yapo magonjwa ambayo nakala moja mbovu inatosha kuyaleta. Yapo mengine ambayo lazima zikutane mbili. Na yapo yanayowabana watoto wa kiume kuliko wa kike. Figo inaguswa na aina zote tatu, na kila moja ina njia yake ya kupita katika ukoo.

Tuanze na ule wa nakala moja, ambao ni mmoja wa magonjwa ya kurithi yaliyoenea zaidi duniani: ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo. Vifuko vinaanza vidogo, mtu angali mtoto au kijana, kisha vinaongezeka na kukua miaka nenda rudi, vikiibana ile nyama nzima ya figo inayofanya kazi. Figo ya kawaida ina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Iliyojaa vifuko inaweza kufikia mara mbili ya hapo. Chanzo kikubwa ni hitilafu katika vinasaba viwili, PKD1 kilichotambuliwa mwaka 1994, na PKD2 kilichotambuliwa mwaka 1996. Wenye hitilafu ya PKD1 ndio wengi zaidi, na ugonjwa wao ni mkali zaidi. Aghalabu figo zao zinashindwa kazi wakiwa katika miaka ya hamsini. Wale wa PKD2 wengi wanafika miaka ya sabini.

Sikiliza vizuri hapa. Mzazi mwenye ugonjwa huu, awe baba au mama, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Na kila mimba ina hesabu yake mpya. Mtoto wa kwanza akiupata, haimaanishi kwamba wa pili amesalimika. Wa kwanza akisalimika, haimaanishi kwamba zamu imemngoja wa pili. Ndiyo maana katika nyumba ya watoto sita unaweza kukuta wameupata watano, au mmoja, au wasiupate kabisa. Asiyeurithi hawezi kuupitisha kwa wanawe. Na takriban mgonjwa mmoja katika kila kumi hana mzazi mwenye ugonjwa, kwa sababu hitilafu imeanzia kwake. Huyo ndiye mwanzo wa ugonjwa katika ukoo wake, na watoto wake nao wanahitaji kuangaliwa.

Inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 1,000 ana hitilafu ya vinasaba hivi. Manispaa ya Temeke, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Kwa kadirio hilo tunazungumzia watu elfu moja na zaidi, wanaopanda daladala pamoja nasi na kufanya biashara pembeni yetu, na wengi wao hawajui.

Ugonjwa huu unajitambulishaje? Mara nyingi mlango wake ni presha. Inapanda mapema, hata kabla kipimo cha damu hakijaonyesha kwamba figo zimechoka. Kijana wa miaka 25 au 30, mwembamba, hana kisukari, lakini presha iko juu: asiambiwe tu kwamba ana mawazo mengi. Aulizwe habari za wazazi wake, kisha apigwe altrasaundi ya figo. Dalili nyingine ni maumivu ya ubavuni, damu katika mkojo, mawe ya figo, au tumbo linaloonekana kujaa. Tena ugonjwa huu hauishii kwenye figo. Vifuko huota hata kwenye ini, na kwa baadhi ya watu mshipa wa damu ndani ya kichwa hufanya uvimbe unaoweza kupasuka. Kwa hiyo kama kwenu kuna wagonjwa wa figo, na yupo pia aliyeanguka ghafla na kufa baada ya kulalamika maumivu makali ya kichwa, mwambie daktari yote mawili kwa pamoja.

Njia ya pili ya kurithi, ile inayowabana zaidi watoto wa kiume, inatupeleka kwenye jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunalikosea mara nyingi. Mtoto wa kiume anakojoa damu. Jibu letu liko tayari: kichocho. Na kweli, kichocho kipo hapa kwetu, na dawa yake inajulikana. Lakini mtoto akishameza dawa ya kichocho na damu isiondoke, au mkojo ukapimwa mara kwa mara ukawa na damu bila mayai ya kichocho, usiendelee kummezesha dawa ileile mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1927 daktari mmoja aliyezaliwa Afrika Kusini, Cecil Alport, aliandika habari za ukoo wa Uingereza ambao damu katika mkojo na uziwi vilikwenda pamoja, na wanaume wakaathirika vibaya kuliko wanawake. Ugonjwa huo sasa unaitwa kwa jina lake, Alport. Kila figo ina vichujio vidogo mno, takriban milioni moja, na kila kichujio kina utando uliofumwa kwa nyuzi za protini. Chukua kifumbu cha kuchujia tui. Ukili ukiwa imara, tui linapita na machicha yanabaki. Ukili ukiwa dhaifu tangu siku ya kufumwa, kifumbu kinalegea kidogo kidogo, na mwisho machicha yanashuka pamoja na tui. Kwa mwenye Alport, kinachoshuka ni damu na protini. Na kwa kuwa nyuzi za aina hiyohiyo zimo pia sikioni na machoni, mtoto huanza kupoteza usikivu anapokaribia ujana, na wengine macho huathirika.

Aina iliyo maarufu zaidi ya Alport inapitia kwenye kromosomu ya X, kifurushi kimojawapo cha vinasaba. Mama anayeibeba huenda asiugue sana, ila kila mtoto wake wa kiume ana uwezekano wa nusu kuupata kwa ukali. Baba mwenye ugonjwa anawapa mabinti zake wote hitilafu hiyo, na wanawe wa kiume hawapi. Basi mkiona katika ukoo figo za mjomba zilishindwa kazi angali kijana na masikio yake yalikuwa mazito, na sasa mpwa wake anakojoa damu, msitenganishe habari hizo mbili. Ni habari moja.

Njia ya tatu ni ile ya nakala mbili, na mfano wake ni selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Hapa Temeke imo katika kumbukumbu za sayansi. Kati ya mwaka 2015 na 2016 watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa selimundu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Watoto 31 walikutwa na ugonjwa. Wengine 505, takriban mmoja katika kila wanane, walikutwa wamebeba nakala moja. Hawaumwi, lakini wanaweza kuipitisha. Kwa nchi nzima inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka.

Watu wanaijua selimundu kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Habari za figo hazisemwi sana. Sehemu ya ndani kabisa ya figo ina hewa kidogo ya oksijeni na chumvi nyingi, na mazingira hayo ndiyo yanayozifanya chembe nyekundu zijikunje na kuziba mishipa midogo. Kwa hiyo figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema. Kitu cha kwanza kupotea ni uwezo wa kubana maji: mtoto anakojoa mara nyingi, usiku analowesha godoro hata akiwa mkubwa wa darasa la tatu au la nne. Wazazi wenzangu, mtoto wa selimundu akikojoa kitandani asichapwe, wala asiimbwe mbele ya wenzake. Figo zake haziwezi kubana mkojo. Mpeni maji ya kutosha, mwamsheni usiku, mpelekeni kliniki akapimwe protini katika mkojo. Na maumivu yakimshika, msikimbilie diklofenaki ya dukani kila mara, kwa sababu dawa za jamii hiyo zinaziongezea figo mzigo. Muulizeni daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza makali ya ugonjwa wenyewe.

Huenda unajiuliza, kinasaba kibaya namna hii kimeeneaje hivi kwetu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha jibu mwaka 1954: mwenye nakala moja ya selimundu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu, waliobeba nakala hiyo walinusurika wakazaa, na sisi ni uzao wao. Kisa kinachofanana na hicho kiligunduliwa mwaka 2010 juu ya kinasaba kiitwacho APOL1. Zipo aina zake mbili zinazosaidia mwili kupambana na vimelea vya malale, ugonjwa wa mbung'o. Lakini anayezirithi kutoka kwa wazazi wote wawili figo zake zinakuwa katika hatari kubwa zaidi, hasa akipata na virusi vya UKIMWI. Aina hizo zimejaa Afrika Magharibi na kwa Wamarekani wenye asili ya huko. Huku kwetu Mashariki zipo kwa uchache zaidi. Nayasema haya kwa wale wanaoita magonjwa ya ukoo laana. Babu zetu hawakulaaniwa. Walirithi kilichowaokoa na malaria na malale, na wakatuachia.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa mfukoni na moyoni. Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, ikishirikiana na wataalamu kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiwa na wataalamu wa Japani. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walilazimika kusafiri hadi India. Hii ni hatua kubwa, na figo yenyewe inatoka kwa ndugu. Lakini fikiria ukoo wenye vifuko vya maji. Kaka anahitaji figo, mdogo wake wa miaka 24 anajitokeza kwa mapenzi yake yote. Huyo mdogo naye ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa na ugonjwa uleule. Vifuko vinaweza kuwa havijaonekana vizuri katika altrasaundi ya umri huo. Asipochunguzwa kwa makini, kaka atapewa figo itakayougua, na mdogo atabaki na figo moja inayougua. Kwa hiyo historia ya ukoo isifichwe mbele ya madaktari wa upandikizaji, hata kama inawatia aibu wazee.

Na aibu ndiyo adui ninayemwogopa zaidi. Familia zinaficha kwa sababu ya posa. Wanasema, wakijua kwetu tuna figo, binti yetu hatachumbiwa. Na mtoto akiugua, lawama inamwangukia mama: kwenu ndiko kwenye maradhi. Mama anarudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni. Hili ni kosa la kielimu na ni dhuluma. Selimundu haiji mpaka nakala ya baba ikutane na nakala ya mama. Hakuna wa kumlaumu mwenziwe hapo. Vifuko vya maji vinaweza kutoka kwa baba sawasawa na kwa mama. Kujua vinasaba vyetu si sababu ya kuvunja uchumba. Wanaotaka kuoana wapime selimundu mapema, wajue kwamba wote wawili wakibeba, kila mimba ina uwezekano wa robo ya mtoto mwenye ugonjwa, kisha waamue wakiwa macho. Wahenga walituambia, mficha maradhi kilio humfichua. Kwa ugonjwa wa ukoo, kilio hicho kinasikika nyumba tatu, nne.

Basi tufanye nini? Kwanza, kaeni na wazee. Waulizeni nani alikufa kwa figo, kwa presha, kwa mwili kuvimba, akiwa na umri gani, na masikio yake yalikuwaje. Ulizeni kuumeni na kukeni. Andikeni kwenye daftari, kwa sababu mzee akiondoka anaondoka na majibu.

Pili, kama yupo mgonjwa, wazazi wake, kaka zake, dada zake na watoto wake wapime presha, wapime mkojo kuona protini na damu, na watu wazima wapime kreatinini katika damu. Hivi ni vipimo vya kawaida, havihitaji maabara ya vinasaba. Kukiwa na ugonjwa wa vifuko, watu wazima wapigwe altrasaundi. Aliye chini ya miaka 30 akionekana msafi, asijihesabu amepona moja kwa moja. Arudie baadaye. Aliyevuka miaka 40 akaonekana msafi, ana haki ya kushusha pumzi.

Tatu, ukikutwa na ugonjwa, maisha hayajaisha. Ipo dawa iitwayo tolvaptani inayopunguza mwendo wa kukua kwa vifuko, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014 na Marekani mwaka 2018, lakini ni ghali mno. Ngao iliyo mikononi mwetu ni kuishusha presha mapema na kuidhibiti kila siku. Punguza chumvi, acha sigara, acha dawa za maumivu za kujinunulia, na mitishamba usiyoijua usiinywe. Wenye Alport nao wanafaidika na dawa za presha zinazopunguza protini katika mkojo, na zikianzwa mapema figo zinadumu miaka mingi zaidi.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa afya. Kila mgonjwa anayeanza kusafishwa damu hapa kwetu aulizwe habari za ukoo wake na majibu yaandikwe katika faili lake, kisha ndugu zake wa damu waitwe wapimwe presha na mkojo bila malipo. Gharama ya kipimo cha mkojo haifiki hata karibu na gharama ya kusafisha damu siku moja. Na wewe msikilizaji, usisubiri wito huo. Kama kwenu kuna aliyeugua figo, kesho asubuhi nenda ukapime, na umchukue mdogo wako mwende pamoja.